Fataki ni Baruti: Yampasayo Mwananchi Kuyajua Kabla ya Kuwasha

Na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini, Halmashauri ya Wilaya ya Chamwino

Wananchi wanaoandaa harusi, mahafali, ubarikio na mikesha ya sikukuu huuliza swali moja kwa namna mbalimbali: je, ni ruhusa kuwasha fataki? Wapo wanaoamini kuwa fataki ni kichezeo kama vichezeo vingine, kwa kuwa huziona zikiuzwa ndani ya maboksi yenye picha za rangi. Wapo pia wanaoamini kuwa zimepigwa marufuku moja kwa moja na kwamba atakayeonekana nazo atakamatwa hata kama ana karatasi mkononi. Imani zote mbili si sahihi. Fataki huruhusiwa kwa kibali, na kuzitumia bila kibali ni kosa.

Makala haya yanaeleza sheria zinazohusika, sababu za kuwapo kwake katika mazingira yetu ya Chamwino, na hatua ambazo mwananchi anapaswa kuzifuata ili sherehe yake iishe kwa amani.

Sheria inasemaje

Sheria mama katika jambo hili ni Sheria ya Baruti ya mwaka 1963, ambayo ni Sura ya 45 ya Sheria za Tanzania. Hiyo ndiyo sheria inayosimamia baruti za kupasulia miamba migodini na katika machimbo ya kokoto. Wananchi wengi hushangaa wanapoambiwa kuwa boksi la fataki za harusi na baruti ya mgodini vimo katika sheria moja.

Sababu yake ipo ndani ya boksi lenyewe. Wazee wetu waliotumia magobore wanaifahamu baruti nyeusi, yaani mchanganyiko wa shura, mkaa na salfa. Kwa kawaida, katika kila sehemu 100 za mchanganyiko huo, 75 ni shura, 15 ni mkaa na 10 ni salfa. Baruti hiyohiyo ndiyo inayoirusha fataki angani na kuipasua ikiwa juu. Rangi zinazopendeza macho hutokana na chumvi za madini zilizochanganywa humo: strontiamu hutoa wekundu, bariamu hutoa kijani na shaba hutoa buluu. Mtengenezaji amebadili umbo na kuongeza rangi, lakini kazi inayofanyika ndani ni ya mlipuko, na sheria huiangalia kazi hiyo.

Kwa msingi huo, sheria haimhusu mwashaji peke yake. Inamgusa anayetengeneza, anayeingiza nchini, anayehifadhi, anayesafirisha, anayeuza na anayetumia. Leseni na vibali vya baruti vipo chini ya Wizara yenye dhamana ya madini kupitia Tume ya Madini, ambayo makao makuu yake yapo hapa Dodoma. Jeshi la Polisi kwa upande wake husimamia usalama wa raia na mali zao, na ndiyo maana kila unapokaribia mwisho wa mwaka makamanda wa polisi wa mikoa hutoa matangazo ya kukataza upigaji wa fataki na uchomaji wa matairi bila kibali.

Jambo ambalo mwananchi hulisahau mara nyingi ni kwamba kununua si kuruhusiwa. Hata pale muuzaji anapokuwa na leseni halali ya biashara hiyo, leseni yake haihamii kwa mnunuzi pamoja na boksi. Ikiwa muuzaji ni mchuuzi asiye na leseni yoyote, mnunuzi anabeba mzigo mzito zaidi, kwa kuwa hajui fataki hizo zimetengenezwa wapi, zimekaa ghalani kwa muda gani, wala kama zilipata unyevu njiani.

Zipo sheria nyingine zinazoweza kumkuta mwashaji asiye na kibali au asiye na uangalifu. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamtia hatiani mtu anayetumia moto au kitu cha mlipuko kwa uzembe kiasi cha kuhatarisha maisha ya wengine. Sheria hiyo haisubiri mtu aumie. Inatosha kwamba kitendo kilikuwa cha kuhatarisha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, pamoja na kanuni zake za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015, inamlinda jirani dhidi ya kelele zilizopita kiasi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina masharti kuhusu moto unaowashwa na kuachwa usambae kwenye uoto na misitu. Mtu anayesema kuwa alikuwa anasherehekea tu hatapata katika sheria hizo kifungu kinachomsamehe kwa sababu hiyo.

Maswali manne yaliyomo ndani ya kibali

Baadhi ya wananchi hukiona kibali kuwa usumbufu wa maofisini. Ukweli ni kwamba afisa anayepokea maombi huwa anatafuta majibu ya maswali manne: nani atawasha, wapi, saa ngapi, na kwa tahadhari gani. Kila swali lina chanzo chake katika maisha ya watu.

Swali la kwanza ni nani. Fataki huwashwa na mtu mzima, mwenye uzoefu, asiyekuwa amelewa. Hata kile kijiti kinachotoa cheche, ambacho wazazi wengi humpa mtoto wakidhani hakina madhara, huwaka kwa joto linalozidi nyuzi 1,000 za Selsiasi. Maji yanayochemka jikoni yana nyuzi 100 tu. Joto hilo huunguza vidole na kuwasha nguo mara moja, hasa nguo za nailoni na za sherehe zenye kitambaa chepesi.

Hapo pia ndipo inapoingia michezo ya watoto wetu. Upo mchezo wa kujaza vichwa vya njiti za kiberiti ndani ya kipande cha chuma na kukipigiza chini, na upo mchezo wa kuwasha stilwaya ya kusugulia sufuria na kuizungusha kwa kamba usiku ili itoe cheche. Mchezo wa kwanza ni kutengeneza baruti, hata kama mtengenezaji ana umri wa miaka tisa, na chuma hicho kikipasuka vipande vyake huruka kuelekea usoni. Mchezo wa pili hurusha chembe za chuma zinazowaka kila upande, juu ya paa la nyasi na machoni mwa watoto waliosimama kutazama. Jicho lililotobolewa na chuma ni vigumu kulirudisha katika hali yake ya kwanza. Mzazi na mlezi anao wajibu wa kumlinda mtoto chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na wajibu huo hausimami kwa sababu ni usiku wa sikukuu.

Swali la pili ni wapi. Watu wengi wanapotaja fataki huufikiria mkesha wa Mwaka Mpya. Katika wilaya yetu, hatari kubwa zaidi ya moto haipo Desemba, ambapo mvua huwa zimeanza au zinakaribia. Ipo kati ya Juni na Oktoba, baada ya mavuno, wakati harusi ni nyingi, upepo ni mkali na kila kitu kimekauka. Huo ndio wakati ambao mabua yamepangwa juu ya vichanja kwa ajili ya mifugo, nyasi za kuezekea zimefungwa mizigo, na ghala la kaya lina chakula cha mwaka mzima. Cheche moja inayobebwa na upepo kutoka kwenye ua wa harusi inaweza kuangukia kichanja cha jirani ambaye hata hakualikwa. Kaya iliyopoteza mtama na uwele wake mwezi Agosti itakula nini hadi mavuno ya mwaka unaofuata? Hasara ya namna hiyo hailipwi kwa neno la pole.

Mahali pia ni suala la wingi wa watu. Usiku wa kuamkia Januari 1, 2023, jijini Kampala, umati uliokuwa katika kituo cha biashara ulikimbilia nje kutazama fataki za Mwaka Mpya kupitia njia nyembamba. Watu wasiopungua tisa walikufa kwa kukanyagana na kukosa hewa, wengi wao wakiwa watoto na vijana. Fataki zenyewe hazikuwaunguza. Nchini kwetu, Oktoba 1, 2008, siku ya Idd el Fitri, watoto wapatao 20 walipoteza maisha mjini Tabora kwa msongamano katika ukumbi wa disko la watoto. Tukio hilo halikuwa na fataki hata moja, lakini ndilo lililofanya matangazo ya polisi ya kukataza disko toto yawe ya kawaida kila msimu wa sikukuu. Funzo la matukio hayo mawili ni moja: panapokusanyika watu wengi wenye shauku, lazima awepo aliyehesabu milango kabla ya shughuli kuanza.

Ndani ya ukumbi hali ni ya hatari zaidi. Siku hizi waendesha sherehe hutumia mashine za kurusha cheche maharusi wanapoingia. Cheche hizo huitwa baridi, lakini hutokana na chembe za metali zinazowaka. Januari 27, 2013, katika mji wa Santa Maria nchini Brazili, fataki iliyowashwa na wanamuziki ndani ya klabu ilishika sponji iliyobandikwa darini kwa ajili ya kupunguza sauti. Watu 242 walikufa, wengi wao kwa moshi wenye sumu. Kumbi zetu nyingi hupambwa kwa vitambaa, maua ya plastiki na sponji, na baadhi zina mlango mmoja tu unaofunguka. Mwenye ukumbi anapaswa kuzingatia masharti ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lililopewa mamlaka yake na sheria ya mwaka 2007, kabla ya kuruhusu mashine ya aina hiyo ndani ya jengo lake.

Swali la tatu ni saa ngapi. Mlipuko wa fataki ukiwa karibu unaweza kufikia desibeli 140, kiwango kinachoweza kuumiza sikio papo hapo. Kwa mbali, usiku, mlio huo haupambanuki kwa urahisi na mlio wa risasi. Katika vijiji vyetu mlio wa namna hiyo huamsha walinzi wa jadi, hupigwa yowe, na watu hutoka na silaha zao wakitafuta mhalifu ambaye hayupo. Ng'ombe na punda hushtuka na kuvunja zizi, na mfugaji hutumia siku nzima inayofuata akiwatafuta.

Lipo kundi jingine ambalo halizungumzwi sana. Tangu Serikali ilipohamishia makao yake Dodoma, tumepokea majirani wengi kutoka Dar es Salaam. Miongoni mwao wapo walioishi Mbagala Aprili 29, 2009 na Gongo la Mboto Februari 16, 2011, maghala ya silaha yalipolipuka na kuua watu, kujeruhi mamia na kubomoa nyumba. Kwa mtu aliyekimbia siku hizo akiwa amebeba mtoto, mshindo usiotangazwa haumletei furaha ya Mwaka Mpya. Zaidi ya hayo, wilaya yetu ina Ikulu ndani yake. Mwanga na mlipuko angani ambao vyombo vya ulinzi havikupewa taarifa zake ni suala la usalama, na utashughulikiwa hivyo.

Swali la nne ni tahadhari gani. Gari la zimamoto haliwezi kufika Itiso, Mpwayungu au Fufu kwa dakika tano. Kwa hiyo tahadhari inayoandikwa kwenye barua ya maombi isiwe maneno matupu. Kuwe na mapipa ya maji au mchanga, watu wawili au watatu wasiofanya kazi nyingine, uwanja uliofyekwa, na kamba ya kuwaweka watazamaji mbali. Pale maji yanapopatikana kwa tabu, mchanga mkavu ulio ndani ya ndoo hufanya kazi nzuri ya kuzima cheche zilizoanguka.

Namna ya kuomba kibali

Mwandaaji wa shughuli aanze mapema, ikiwezekana wiki mbili au zaidi kabla ya siku yenyewe. Aandike barua ya maombi kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, akiipitisha kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji na wa Kata ili nao watie maoni yao. Barua itaje jina na namba ya simu ya mwandaaji, aina ya shughuli, mahali, tarehe, saa ya kuwasha na saa ya kumaliza, idadi ya watu wanaotarajiwa, aina na idadi ya fataki, jina la muuzaji na la mtu atakayewasha, pamoja na tahadhari za moto zilizoandaliwa. Polisi watamwelekeza mwombaji iwapo anahitaji pia idhini ya wakaguzi wa baruti wa Tume ya Madini au ukaguzi wa Zimamoto. Kwa kawaida mwananchi mwenye harusi hupata wepesi zaidi anapotumia kampuni yenye leseni ya kazi hiyo, kwa kuwa kampuni ndiyo inayobeba wajibu wa kuhifadhi, kusafirisha na kuwasha.

Ikiwa shughuli ni mkusanyiko mahali pa umma, izingatiwe pia kwamba Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, inataka taarifa ya maandishi ya mkusanyiko ifike polisi si chini ya saa 48 kabla.

Iwapo ipo ada ya kulipwa, ilipwe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali na mlipaji apewe stakabadhi. Fedha inayoombwa mkononi bila namba hiyo si ada, na mwananchi anayo haki ya kuikataa na kutoa taarifa.

Baada ya kupata kibali, mwandaaji awaarifu majirani, mwenyekiti wa kitongoji, viongozi wa ulinzi shirikishi na wafugaji walio karibu. Aibebe nakala ya kibali siku ya shughuli. Ikumbukwe kuwa kibali kinahusu saa na mahali palipotajwa tu. Kikitajwa uwanja wa shule, hakiruhusu kuwasha barabarani wakati wa kurudi nyumbani.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nikiwasha ndani ya ua wangu mwenyewe, ninahitaji kibali? Ndiyo. Fataki huruka nje ya ua, na sheria inaangalia kitu kinachotumika, haiangalii umiliki wa kiwanja.

Ninaweza kusafirisha boksi la fataki kwa basi au bodaboda? Hapana. Baruti ina masharti yake ya usafirishaji, na kuiweka ndani ya chombo cha abiria ni kuhatarisha maisha ya wote waliomo.

Nina bunduki ninayoimiliki kihalali. Naweza kupiga risasi hewani badala ya fataki? Hapana. Umiliki wa silaha unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na risasi inayopanda hushuka juu ya mtu au paa.

Fataki imewashwa ikakataa kulipuka. Nifanye nini? Usiiinamie wala kuiwasha tena. Kaa mbali kwa muda usiopungua nusu saa, kisha imwagie maji mengi hadi ilowe kabisa. Watoto wasiruhusiwe kuokota mabaki asubuhi. Fataki ambayo haikulipuka usiku inaweza kulipuka mkononi mwa mtoto kesho yake.

Kijiji chetu kinaweza kujiwekea utaratibu mkali zaidi? Ndiyo. Halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo, kwa mfano ya kukataza fataki karibu na mazizi na maghala katika miezi ya kiangazi. Sheria ndogo hiyo huanza kutumika baada ya kupita katika mkutano wa kijiji na kuidhinishwa na Halmashauri ya Wilaya.

Ajali ikitokea

Moto ukianza, piga 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, au 112 kwa Polisi. Taja kijiji, kitongoji na alama inayojulikana kama shule, zahanati au mnara wa simu, kisha mtume mtu akalisubiri gari barabarani.

Aliyeungua apoozwe kwa maji safi ya kawaida kwa takriban dakika 20. Mahali penye uhaba wa maji, kinga maji hayo kwa beseni na kuyatumia tena juu ya jeraha hilohilo. Usipake dawa ya meno, mafuta, yai wala udongo, na usitumbue malengelenge. Aliyeumia jicho asilisugue wala kulikandamiza. Lifunikwe kwa kitu kisichogusa mboni, kama kikombe safi cha plastiki, na apelekwe hospitali bila kuchelewa. Wananchi wa upande wa Mvumi wanayo Hospitali ya Mvumi, inayojulikana kwa huduma za macho, na wengine wanaweza kufika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma.

Sherehe hazikosi njia. Wilaya yetu ndiyo nyumbani kwa Tamasha la Muziki wa Cigogo hapa Chamwino, ambapo ngoma za muheme na zeze huwakusanya watu kutoka mbali bila kuwashwa cheche yoyote. Anayetaka fataki hakatazwi kuziomba. Barua za maombi hupokelewa kupitia ofisi za watendaji wa vijiji na kata siku za kazi, na mwananchi asiyejua namna ya kuandika barua hiyo afike kwa mtendaji wake asaidiwe bila malipo.